Pete ya Almasi yenye Umbo la Pea: Kijana wa Momela Achague Jiwe Gani?

Zamani posa katika nchi ya Meru ilikuwa na mambo yake yaliyojulikana: wazee kwenda nyumbani kwa binti, pombe, mbuzi, blanketi, na maneno mengi kabla ya jambo lenyewe kutajwa. Siku hizi limeongezeka jambo jingine, nalo ni pete ya uchumba. Kijana hununua pete, humvisha mchumba wake mbele ya rafiki, picha hupigwa kwa simu, na kabla jua halijatua picha hiyo imekwisha fika Usa River, Tengeru na Dar es Salaam.

Desturi hii hatuna sababu ya kuilaumu. Lakini kijana mmoja wa upande wa Momela, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo ya wageni wapandao Mlima Meru, ametuuliza swali lenye uzito. Mchumba wake ameona katika simu pete ya almasi yenye umbo la pea, naye ameipenda sana. Kijana ana akiba ya misimu miwili ya kazi. Je, ainunue pete hiyo? Na akiinunua, atajuaje kwamba hakudanganywa? Tena ametuambia bila kuficha kwamba fedha hizo ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba yao.

Kwanza tulijue umbo lenyewe. Tunda tunalosema hapa si parachichi, ingawa wako watu wanaoliita parachichi kwa jina hilo. Pea ni tunda la nchi za baridi, ambalo kwetu hulimwa Lushoto katika milima ya Usambara. Chini ni nene na mviringo, juu limechongoka. Asiyelijua na atazame asubuhi tone la maji linaloning'inia kwenye ncha ya jani la mgomba. Ndivyo lilivyo jiwe hili. Wengine huliita umbo la chozi, na wapo wanaosema kwamba jiwe la chozi huleta machozi katika ndoa. Hayo ni maneno ya bure, msiyasikilize.

Almasi haitoki ardhini ikiwa na umbo hilo. Hutoka kama kipande cha kioo kilichochakaa, na fundi ndiye anayeikata, kisha huisugua kwa vumbi la almasi nyingine mpaka ipate nyuso ndogo ndogo, kwa kawaida 58, kila mmoja ukirudisha mwanga kwa upande wake. Kazi hiyo hula jiwe sana. Sisi Watanzania tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1940 Dr. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, katika nchi ya Shinyanga. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akaitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo huo. Ilipokwisha kukatwa London zilibaki karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu ilipotea katika kukata na kusugua! Tena msidhani kwamba karati ni kitu kikubwa. Karati tano hufanya gramu moja. Jiwe lile zima, kabla halijaguswa, halikufika gramu 11.

Hiyo ya Mwadui ilikatwa mviringo. Mafundi hulipenda umbo la pea hasa pale wanapopata jiwe refu, maana wakilifanya mviringo wangepoteza mengi. Almasi kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati wake, iitwayo Cullinan, ilipatikana Afrika ya Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106. Ilipokatwa Amsterdam mwaka 1908, kipande chake kikubwa kuliko vyote kilifanywa umbo la pea, karati 530.2, nacho kimewekwa katika fimbo ya enzi ya wafalme wa Uingereza.

Lakini hadithi inayomfaa zaidi kijana wetu ni ile ya watu wa sinema. Momela si mgeni wa watu hao. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961 walikuja huko John Wayne na Hardy Krüger pamoja na wenzao, wakapiga sinema ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962. Krüger alipapenda mahali pale hata akanunua shamba. Basi, katika kundi hilo hilo la wacheza sinema wa dunia alikuwako Elizabeth Taylor, ambaye mume wake Richard Burton alimnunulia mwaka 1969 almasi ya umbo la pea yenye karati 69.42. Alilipa zaidi ya dola milioni moja. Jiwe hilo lilitoka katika mgodi ule ule wa Afrika ya Kusini uliotoa Cullinan. Kwanza liliwekwa katika pete. Kumbe bibi huyo aliona pete ni nzito mno kwa kidole, akalifanyia mkufu wa shingoni! Mwaka 1974 ndoa yao ilivunjika mahakamani. Mwaka uliofuata walioana tena, huko Botswana, na mwaka 1976 wakaachana mara ya pili. Kisha jiwe likauzwa. Ikiwa mwanamke asiyeshika jembe aliona jiwe kubwa la pea halikaliki kidoleni, mama wa Momela atalifanyaje?

JIWE GUMU, LAKINI LAPASUKA

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Watu wengi wanajua kwamba almasi ni ngumu kuliko mawe yote. Ni kweli. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa daraja 1 mpaka 10, na almasi ndiyo pekee yenye 10. Lakini ugumu huo ni wa kutokwaruzwa. Kutopasuka ni jambo jingine kabisa. Mwenye kupasua kuni anaelewa: gogo la mti mgumu, ukilipiga kwa kufuata mkondo wake, laachana kwa pigo moja. Almasi nayo ina mikondo yake ndani. Ikigongwa vibaya hupasuka. Kwa hiyo yule anayesema, "Piga kwa nyundo, ikivunjika si almasi," asikubaliwe hata kidogo. Wengi wamevunja mali zao kwa ushauri huo.

Sasa, jiwe la mviringo halina pembe. Jiwe la pea lina ncha moja nyembamba, na ncha hiyo ndiyo mlango wa hasara. Mtu akigonga ncha kwenye ndoo ya chuma, kwenye mwamba wa kisima, au kwenye mpini wa jembe, kipande chaweza kuruka, na jiwe likapoteza uzuri wake na sehemu kubwa ya bei yake. Ni sababu ya kuikataa pea? La. Ni sababu ya kuangalia jinsi ilivyoshikwa. Jiwe hushikwa na kucha ndogo za dhahabu. Kucha ya kwenye ncha haifai kuwa ya kawaida kama zile nyingine. Lazima iwe imekunjwa kama herufi V, ili ikumbatie ncha pande zote mbili. Iliyo bora zaidi kwa mkono wa kazi ni pete ambayo jiwe limezungushiwa ukingo wa dhahabu kote, kama sahani iliyoingizwa katika duara yake, tena likakaa chini karibu na kidole. Pete za namna hii hazing'ai sana katika picha kama zile zenye jiwe lililoinuliwa juu. Lakini picha ni ya siku moja.

Kijana wetu na aangalie pia kama ndani ya jiwe, karibu na ncha, kuna ufa au doa. Doa lililo katikati halina hatari kubwa. Lililo nchani ni kama ufa katika mpini: siku yoyote utaachia.

KULITAZAMA DUKANI

Maduka ya vito yana taa kali, na chini ya taa hizo hata kipande cha chupa hung'aa. Basi kijana asione haya kumwambia sonara, "Mzee wangu, naomba nilitazame jiwe hili mlangoni, penye mwanga wa jua." Sonara mwaminifu hatakasirika; atasimama naye. Alitazame kwa juu, alitikise polepole. Katika mawe mengi ya pea huonekana kivuli cheusi katikati, mfano wa kipepeo aliyetandaza mabawa. Karibu kila pea ina kivuli hicho kidogo. Kikiwa kizito, kisichoondoka hata jiwe likigeuzwa, ujue fundi alikata vibaya, nawe utalipia giza badala ya mwanga. Cheti hakitakuonyesha jambo hili. Ni macho tu.

Kisha atazame ulinganifu. Apige mstari kwa mawazo kutoka kwenye ncha mpaka katikati ya sehemu ya mviringo: upande wa kulia na wa kushoto sharti zifanane kama mabega ya mtu aliyesimama wima. Kuhusu urefu, wengi hupenda jiwe ambalo urefu wake ni mara moja na nusu ya upana au zaidi kidogo, kama milimita 9 kwa 6. Likiwa fupi sana huonekana kama kitunguu, likiwa refu sana ncha huwa dhaifu zaidi. Kwa desturi ncha huelekezwa kwenye ukucha, na huko hufanya kidole kionekane kirefu. Rangi nayo hujikusanya nchani, hivyo jiwe lenye umanjano litaonyesha umanjano wake pale kwanza. Faida moja ya pea ni kwamba, kwa uzito ule ule, huonekana kubwa kuliko jiwe la mviringo. Kwa mwenye akiba ndogo hilo si jambo la kudharau.

Je, ni almasi kweli? Hapo macho hayatoshi, wala ujanja wa mitaani. Wengine hukwaruza kioo, na kumbe mawe mengi yasiyo na thamani nayo hukwaruza kioo. Wengine hulipulizia pumzi, nalo jiwe liitwalo moisanaiti, ambalo si almasi, hupita mtihani huo. Tena siku hizi kuna almasi zinazotengenezwa viwandani. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1950, na sasa zatengenezwa nyingi sana. Hizo si bandia: ni almasi kwa umbile lake, lakini bei yake ni ndogo mno kuliko ya zile zilizochimbwa, na hata sonara hawezi kuzitofautisha bila mashine. Mtu akikuuzia ya kiwandani na kukuambia ni ya kiwandani, amekutendea haki, na kwa kijana mwenye haja ya mabati yaweza kuwa ununuzi wa busara. Akikuuzia kwa bei ya iliyochimbwa, huo ni wizi. Kwa hiyo jiwe kubwa kidogo liwe na cheti cha maabara inayojulikana, kama GIA ya Marekani, chenye namba. Namba hiyo huhakikishwa kwa simu katika kumbukumbu za maabara yenyewe, na mara nyingi imeandikwa pia ukingoni mwa jiwe kwa herufi ambazo hazionekani ila kwa lenzi.

Neno moja lingine, nalo ni zito. Arusha ni mji wa biashara ya mawe, na kijana akitembea mjini aweza kukutana na mtu mwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni, akimnong'oneza kwamba ana almasi mbichi ya Mwadui kwa bei ya rafiki. Akimbie. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yakataza mtu asiye na leseni kuuza au kununua madini ghafi. Atakayenunua hivyo ama atapata kioo, ama atapata kesi. Anunue jiwe lililokwisha kukatwa, dukani, na apewe risiti halali iliyoandikwa ni jiwe gani, uzito gani, na dhahabu ya kiwango gani.

NA TANZANITE JE?

Wengi watauliza kwa nini kijana asinunue tanzanite, jiwe letu wenyewe, linalochimbwa Mererani tu katika dunia nzima, si mbali na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Lilijulikana mwaka 1967, na mwaka uliofuata duka la Tiffany la New York likalipa jina hilo kwa heshima ya nchi yetu. Ni jiwe zuri mno, na kwa umbo la pea hupendeza sana. Lakini kwa pete ya kila siku twalionea shaka. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 tu, na vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Mwenye kukaa njia ya Ngare Nanyuki wakati wa kiangazi anajua vumbi ni nini! Baada ya miaka michache jiwe huwa limefifia kwa mikwaruzo. Tanzanite na iwe ya hereni au ya mkufu, mahali isipogongwa.

Kama binti amependa umbo zaidi ya jina la almasi, basi amwombe sonara yakuti. Ugumu wake ni 9, hupatikana katika nchi yetu huko Umba na Tunduru kwa rangi nyingi, na fundi aweza kuikata umbo la pea. Kwa maoni yetu, kwa mkono unaolima na kukamua, yakuti ndogo iliyozungushiwa ukingo wa dhahabu ni bora kuliko almasi kubwa iliyoshikwa na kucha nyembamba. Lakini jambo hili kijana asiliamue peke yake. Amwulize mwenyewe, kwa upole: umependa nini katika picha ile, umbo au jina?

Akitaka almasi, na iwe ndogo. Jiwe la robo karati, lililokatwa vizuri, laonekana wazi kidoleni. Na mabati yatangulie. Kijana asiogope kuambiwa kwamba pete ya uchumba sharti igharimu mshahara wa mwezi mzima au miezi miwili. Kanuni hiyo haikutoka kwa wazee wa nchi yoyote, wala haikutoka kanisani. Ilitoka katika matangazo ya kampuni ya De Beers, wauza almasi wakubwa, ambao tangu mwaka 1938 waliajiri watu wa matangazo huko Marekani kuwafundisha vijana kwamba bila almasi hakuna mapenzi. Mwaka 1947, ule ule wa almasi ya Mwadui, wakapata na msemo wao maarufu unaosema kwamba almasi hudumu milele. Kanisa hubariki pete za ndoa siku ya arusi, nazo zaweza kuwa za kawaida kabisa, bila jiwe. Pete ya uchumba si sharti la sakramenti, na padre hatauliza iko wapi.

Tena asikope. Uchumba waweza kuvunjika, deni halivunjiki. Ni vema familia zote mbili zijue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 71, yampa mtu nafasi ya kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa sharti la kufunga ndoa, ikiwa ndoa hiyo haikufungwa. Kwa hiyo risiti itunzwe nyumbani pamoja na karatasi nyingine za maana, na wazazi wawili wa pande zote waione pete inapotolewa. Hapo hakuna kudhaniana vibaya.

Kuhusu dhahabu: neno karati hapa lina maana nyingine, si uzito bali usafi. Dhahabu safi ni karati 24, nayo ni laini, hujikunja. Karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24, zilizobaki ni madini mengine yanayoipa nguvu. Karati 18 au 14 zafaa kwa pete yenye jiwe. Fedha ni laini kuliko zote mbili, na kucha za fedha huchakaa upesi. Jiwe zuri lisiwekwe humo.

Kidole kipimwe jioni. Asubuhi ya Momela ni ya baridi, vidole husinyaa, na pete iliyopimwa saa hiyo itabana mchana. Binti na avue pete anapokwenda shambani, anapokamua, na anapokanda unga, maana unga hujaa nyuma ya jiwe na kulififisha. Husafishwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, si juu ya sinki lenye tundu wala mtoni. Na siku pete itakapoanza kushika nyuzi za kitenge, hiyo ni alama kwamba ukucha mmoja umeinuka. Ivuliwe siku hiyo hiyo, ifungwe katika kitambaa, ipelekwe kwa sonara kabla jiwe halijaanguka.